Utani Uliotumwa kwa Simu

Igunga,
22 Januari 2024

Mtani wangu Asmahani,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nimesikia wifi yako Zamda ndiye aliyeshika simu yako mpaka eda iishe, na haya ninayotaka kukueleza siwezi kumpitishia Zamda. Barua atakuletea Hilari, yule dereva wa lori la mchele anayeshusha sokoni kwenu kila Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia akiipoteza nitamfuata hadi kwao.

Nianze na lililonipata. Nimepewa barua ya kujieleza. Ndiyo, mimi, Mwalimu Eustadia Ndahani, miaka kumi na sita ya kula vumbi la chaki bila hata onyo la kuchelewa. Na nimeipata kwa sababu ya msiba wako.

Unakumbuka ulivyoniingiza katika lile kundi lenu la mtandaoni la wanawake wa kushona kwa mkono. Nilikuambia sindano naijua ya kuchomwa hospitali tu. Ukasema, wewe njoo unisahihishie Kiingereza, hawa wateja wa kofia zangu wananielewa nusu. Nikaja, nikakaa miaka mitatu, nikazoeana nao kuliko hata wewe. Sasa mwaka jana Noreen wa Australia alimpongeza rafiki yake kwa kitambaa kizuri akamwita ng'ombe mzee. Mama mmoja wa Marekani akachukia, wakavurugana siku mbili. Maureen wa Skotlandi, mwenye kundi, akaingia kati akaeleza kwamba kwa akina Noreen maneno hayo ni mapenzi, Kiingereza ni kimoja lakini kila nchi ina vijembe vyake. Wakasameheana. Mimi nikajisemea, kumbe na hawa wenzetu wana watani! Hapo ndipo nilipopotea.

Tarehe tisa ulipoandika kwenye kundi kwamba mumeo Majidi amefariki na kofia za watu zitachelewa, shule zilikuwa zimefunguliwa jana yake. Nilikuwa nimezungukwa na wazazi wa kidato cha kwanza na magodoro yao. Nikaona mdomo utangulie, mwili ufuate Jumamosi. Nikaandika yaleyale ambayo ningeyasema nikiwa nimesimama mlangoni kwako: kwamba huyo mpagazi ametua mzigo kwa idhini ya nani, na maji waliyokunywa babu zake wakipita Ugogo kwenda pwani nani atayarudisha, asizikwe na kanzu mpya, mrithi wa kanzu ni mimi, na wewe mjane uache kujiliza, maana msiba wenyewe umeanza kukunenepesha.

Asmahani, kwenye msiba wa baba yako nilisema mabaya zaidi. Nililala mlangoni jeneza lisitoke mpaka niletewe sahani ya wali. Shangazi zako walicheka hadi wakakaa chini.

Hawa hawakucheka. Yule wa Marekani aliandika kwamba kumwita marehemu mpagazi ni tusi la enzi za utumwa. Mwingine alisema amelia kwa niaba yako. Maureen akanitoa bila kuniuliza hata jina la pili. Nikadhani yameisha, kumbe mmoja wao aliona jina la shule kwenye ukurasa wangu, akamwandikia mkuu wangu kwamba ana mwalimu anayemdhihaki mjane ambaye mumewe hata hajazikwa.

Mkuu wetu ni Mwalimu Anselm, mtu wa Kagera, mpole. Nimemweleza utani wa Wagogo na Wanyamwezi. Anaujua, ila anasema kwenye faili hakuna mahali pa kuuandika. Anataka barua yako wewe, kwa maneno yako, useme mimi ni nani kwako na yale maneno yalikuwa nini. Kamati inakaa tarehe tisa Februari. Bila barua hiyo nitashitakiwa ngazi za juu, na wewe unajua mwalimu akishaingia huko anavyotoka.

Niandikie mapema, mbeba mizigo wee.

Mtani wako,
Eustadia


Tabora,
29 Januari 2024

Eustadia,

Barua yako imefika. Zamda aliniletea pamoja na uji. Nimeisoma mara mbili.

Niko chumba cha uani. Watu bado wanakuja. Wanauliza ilikuwaje, nawaambia. Aliamka, akaswali, akanywa chai, akaenda sokoni kufungua banda lake la baiskeli. Presha ikamwangusha kabla hajafungua kufuli la pili. Naisimulia mara tano au sita kwa siku na sasa naisimulia kama mtu anayesoma tangazo. Juzi nilisahau kama niko mwanzoni au mwishoni, nikaanza upya, na mgeni akasikiliza tu.

Sijalia. Shangazi anasema nina moyo mgumu. Mimi sioni kama ni ugumu. Nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ukiugusa unajua ni wako lakini hausikii kitu. Watu wakiingia wananitazama macho kwanza, wakiyakuta makavu ndipo wananisalimu.

Ile siku hata sijui kwa nini niliandika kwenye kundi kabla hata sijawapigia ndugu wa Nzega. Simu ilikuwa mkononi na nilikuwa na kofia nne za watu. Nikaona wenye kofia wajulishwe.

Nimerudia kushona. Zamda hapendi. Moja nimeimaliza, moja nimeifumua yote, nilikosea kuhesabu.

Mkuu wako nitamwandikia. Leo sijui niandike nini.

Ulisema ungekuja Jumamosi. Jumamosi tatu zimepita.

Asmahani


Igunga,
1 Februari 2024

Mpendwa Asmahani,

Nimepokea barua yako na nimeisoma vizuri. Naona umekasirika. Hujaniita mtani hata mahali pamoja, mwanzo wala mwisho.

Basi nakuomba radhi. Nakuomba radhi kwa neno mpagazi, kwa lile la kanzu, na zaidi kwa lile la kunenepa, ambalo halikuwa la lazima. Nilipaswa kujua kwamba pale hatukuwa wawili, tulikuwa na dunia nzima inatusoma. Nimejifunza. Siku hizi nikiandika ujumbe, hata wa kuomba vitabu vya wanafunzi, nausoma mara tatu kabla ya kuutuma. Wenzangu ofisini nilikuwa nawachokoza kutwa. Sasa nawasalimu, nakaa, nasahihisha madaftari. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Kuhusu Jumamosi, ningekujaje? Nije niseme nini, na jina langu limeshazunguka kwamba namcheka mjane? Nilijua shangazi zako wameshasikia. Nikaona bora upoe kwanza.

Sasa kuna jambo linaninyima raha. Jana Mwalimu Anselm alinionyesha ile barua pepe aliyoandikiwa. Ni ndefu, ina Kiingereza cha heshima, na katikati kuna sentensi inayosema mjane mwenyewe aliulizwa, akathibitisha kwamba ujumbe ule ulimuumiza. Nilimwambia mkuu palepale kwamba huo ni uongo. Nilisema namjua Asmahani tangu kidato cha kwanza, tumelala kitanda cha juu na cha chini bwenini, hawezi kusema hivyo kwa watu asiowajua.

Mkuu akasema, basi ndiyo uzuri wa kupata barua yake.

Zimebaki siku nane. Niambie tu kwamba ni uongo, nitulie.

Wako,
Eustadia


Tabora,
5 Februari 2024

Eustadia,

Si uongo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Maureen aliniandikia pembeni. Aliuliza kama nakujua na kama umeniumiza. Simu ilikuwa bado haijachukuliwa na Zamda. Nikaandika ndiyo, nakujua, na ndiyo, umeniumiza. Nikaiweka simu chini nikaenda kulala. Sikujua kama litafika kazini kwako. Nakuambia ukweli mwingine, hata ningejua, siku ile nisingejali. Nyumba ilikuwa inavuja juu ya kitanda na nikasogeza miguu tu.

Lakini hujajua umeniumiza kwa nini, na barua yako ya pili inaomba radhi kwa kitu kingine.

Maneno yako hayakunifanya kitu. Nilipoyasoma niliangalia mlangoni. Nilidhani umeshafika, uko pale nje unazozana na wanaume, kwa sababu sijawahi kuona mtani anayesema hivyo akiwa mbali. Nikamwambia Zamda, mwekee yule Mgogo sahani asije akatuaibisha. Zamda akaweka. Mpaka alasiri sahani ilikuwa palepale imefunikwa kawa. Basi la asubuhi lingekufikisha kabla hatujazika, na wewe unalijua hilo, umelipanda mara mia.

Jeneza lilitoka, hakuna aliyelala mlangoni. Lilitoka kirahisi kama godoro linalohamishwa. Hakuna aliyemzuia Majidi hata kidogo. Vyombo waliosha majirani, maji walichota majirani. Shangazi aliuliza mara mbili, Mgogo wenu yuko wapi? Nikasema shule zimefunguliwa.

Baba yako alipofariki nilikuja Dodoma na basi la usiku, nikiwa na mimba ya miezi minne iliyokuja kutoka. Nilimtukana mzee wa watu mbele ya mchungaji, nikasonga ugali wa watu sitini. Mkono uliniuma wiki nzima. Matusi yangu na ule ugali vilikuwa kitu kimoja. Ningekutumia yale matusi peke yake, ungekuwa na haki ya kunishitaki.

Hao wanawake wa kundi walidhani nimeumizwa na tusi. Hapo walikosea. Kwamba nimeumizwa, hawakukosea.

Barua ya mkuu wako iko humu ndani. Isome ukitaka.

Asmahani


Gongoni,
Tabora.
5 Februari 2024

Mkuu wa Shule,
Igunga.

YAH: MWALIMU EUSTADIA NDAHANI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni Asmahani Sabiri, mshona kofia, mjane wa marehemu Majidi Saidi, fundi baiskeli wa hapa mjini. Naandika kwa hiari yangu, niko katika eda.

Mwalimu tajwa ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi. Ni mtani wangu tangu mwaka 2001. Maneno aliyoandika siku ya msiba ni maneno ambayo mtani anapaswa kuyasema, na angeyasema mlangoni kwangu yangechekesha watu na kunisaidia. Waliomlalamikia ni watu wema lakini hawajui desturi hii, na mimi niliyeijua sikuwaeleza. Waliponiuliza kama nimeumia nilijibu ndiyo, nikaishia hapo. Kosa la kuishia hapo ni langu. Naomba asiadhibiwe kwa maneno yale.

Mwalimu Eustadia ana kosa moja, nalo silo mliloandikiwa. Hakuja. Hilo sidhani kama liko katika mamlaka ya shule, nimelitaja ili barua hii iwe ya kweli yote.

Arobaini ya marehemu ni Jumamosi tarehe 17 Februari. Ikiwezekana apewe ruhusa tangu Ijumaa.

Natanguliza shukrani.

Asmahani Sabiri


Igunga,
12 Februari 2024

Asmahani,

Kamati ilikaa Ijumaa, dakika ishirini tu. Katibu alisoma barua yako kwa sauti. Alipofika pale uliposema "hakuja" alisita akaniangalia, kisha akaendelea. Wamenifutia. Nimepewa onyo la mdomo kuhusu mitandao, na onyo la mdomo ukitoka mlangoni umeshalisahau.

Ningefurahi. Nilikuwa nimepanga nikifutiwa ninunue kuku. Watu walipotoka Mwalimu Anselm alibaki anapanga karatasi zake, akaniuliza bila kuniangalia: "Na kweli hukwenda kabisa, Mwalimu?" Nikasema sikwenda. Akasema sawa, akaendelea kupanga karatasi. Lile nililoshitakiwa limefungwa. Hili halina faili wala kamati, sijui nilipeleke wapi.

Nilikudanganya, Asmahani. Ruhusa ningepewa. Mwalimu Anselm hajawahi kumnyima mtu ruhusa ya msiba, na wazazi wa magodoro wangepokelewa na mwingine. Sikuomba. Baba yako nilimtania kwa sababu alikuwa mzee, amekula chumvi yake, hata yeye angecheka. Majidi ni wa rika letu. Majidi alinifundisha kuendesha baiskeli nikiwa na miaka ishirini na mitano, watu wote wa Gongoni wakitazama. Nilijua nikifika mlangoni kwako nitafungua mdomo nitukane na kilio kitatoka, na mtani anayelia msibani ni aibu ya kabila zima. Nikaona kwenye simu hakuna atakayeniona uso. Nikaandika haraka, nikaweka simu mezani, nikaingia chooni nikalia mpaka kengele ya saa nne ikagonga.

Kwa hiyo ndiyo, mdomo ulikuja kwa sababu mwili uliogopa. Hakuna zaidi ya hapo.

Nakuja Ijumaa jioni. Ruhusa nimeshaomba na nimepewa.

Eustadia


Tabora,
21 Februari 2024

Eustadia,

Ulikuja, kweli. Zamda ni shahidi na mimi ni shahidi.

Uliingia na gauni la kijivu na kitenge kipya. Ukavua viatu ukavipanga sawasawa. Ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema, "Pole sana dada, Mungu ndiye mpangaji." Miaka ishirini na mitatu hujawahi kunipa pole. Nilipopoteza ile mimba ulikuja hospitali ukaniuliza kama nimeamua kugoma. Nikacheka kwa maumivu, muuguzi akakufukuza. Dada! Nilitazama nyuma nione ni nani unayemwambia.

Shangazi alikuwa amejibanza kando ya mlango na kopo la maji tangu alasiri, akungoje uanze ili akumwagie. Hukuanza. Ukamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba kopo likiwa nyuma ya mgongo. Amelimwaga baadaye kwenye mchicha. Aliniuliza huyu ni yuleyule?

Nilijua unaogopa kukosea tena. Nilikuona unayapima maneno kabla ya kuyatoa, kama mtu anayechambua mchele, na kila kilichotoka kilikuwa safi na hakina ladha. Uliosha vyombo, ndiyo, uliosha vyote mpaka sufuria za kuazima. Hukumtukana hata mtu mmoja ukiosha. Ulikaa kisomo chote kwa heshima. Jumamosi saa nane ukashukuru kwa chakula ukaondoka na basi.

Basi lilipoondoka niliingia chumbani nikalia. Nililia mpaka nikatapika. Zamda alisikia akakimbia kuwaita wenzake, "Amelia! Amelia!" kama mtu aliyeona mvua. Wakaja wakanizunguka wakifurahi, wakanipiga mgongoni, Shangazi akasema sasa ndugu yao atalala vizuri. Sikuwaambia. Eustadia, sikumlilia Majidi. Majidi bado hajapata chozi langu hata moja, sijui zamu yake itafika lini. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikupa mkono ukaupokea kama mgeni, na nikaona kwamba katika ule msiba tulizika wawili, na mmoja wao nimeshiriki kumuua kwa neno "ndiyo" nililoliandika kwa simu.

Simtaki dada. Ninao watatu na wananitosha.

Na nikuulize, ni Mgogo gani aliyewahi kula wali wa msiba Unyamwezini, sahani mbili, nilikuwa nahesabu, kisha akasema ahsante? Babu zako wakisikia watafufuka waje wakunyang'anye kabila.

Ukinijibu barua hii kwa adabu nitairudisha na lori hilohilo.

Asmahani